Sura ya Nne: Kahawa Iligoma, Mkonge Ukakubali

Walowezi wa Kijerumani waliopanda milima ya Usambara Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 walidanganywa na miti. Waliona msitu mnene, vigogo ambavyo watu watatu wakishikana mikono hawavizunguki, ukungu wa asubuhi na mvua inayonyesha karibu kila mwezi. Wakakata shauri kwamba udongo unaolisha msitu wa namna hiyo hauwezi kushindwa kulisha mibuni. Wenye mitaji huko Ujerumani wakatoa fedha, msitu ukafyekwa Derema, Nguelo na vilima vya jirani, na kahawa ikapandwa kwa maelfu ya mashina. Mwaka 1893 ujenzi wa reli ukaanza Tanga, kusudi mizigo ya kahawa ishuke bandarini bila kutegemea vichwa vya wapagazi.

Miaka michache ya kwanza ilitia moyo. Kisha mibuni ikaanza kudhoofu, majani yakishikwa na kutu, mashina yakitobolewa na wadudu, na mavuno yakishuka wakati ule ule ambapo Brazili ilikuwa imefurika kahawa na bei imeporomoka duniani. Ila kutu na wadudu walikuta mti uliokwisha kudhoofika. Kiini kilikuwa ardhini. Mvua ya maelfu ya miaka ilikuwa imeosha madini mengi ya udongo ule mwekundu na kuuachia asidi. Rutuba iliyowavutia walowezi kwa sehemu kubwa haikuwa ndani ya ardhi. Ilikuwa juu yake, katika majani yanayoanguka, kuoza na kunyonywa tena na mizizi kabla mvua haijayachukua. Aliyekata msitu alikata na mbolea yake.

Reli nayo ilikuwa imefika Muheza mwaka 1896 ikakwama. Kampuni iliyoijenga iliishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua. Hebu mtazame mhasibu wa wakati ule: ana reli ya kilomita chache, mlima uliofyekwa, na hana mzigo wa kutosha kulipia makaa. Mwaka 1902 serikali ikaanzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na mimea pale Amani, katikati ya milima hiyo hiyo, na wataalamu wake wakaanza kuuliza maswali ambayo yangepaswa kuulizwa kabla ya shoka la kwanza. Leo ukipanda kwenda Amani utakuta mashamba ya chai. Chai ni mmea unaopenda udongo wenye asidi na mvua isiyokatika. Mlima haukuwa na kosa, ila uliombwa zao ambalo haukuwa nalo.

Mzigo wa reli ulitoka mahali ambapo hapana mlowezi aliyekuwa akipatamani: tambarare ya chini, yenye joto, nyasi ngumu na miiba. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf, aliyekuwa akiitumikia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, kwa kuwa Mexico, iliyokuwa ikitajirika kwa nyuzi za mimea ya jamii hiyo, haikutaka kuwapa wengine mbegu. Miche ilisafiri hadi Hamburg, ikapakiwa tena, ikavuka bahari kuja Tanga. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1913, koloni lilisafirisha zaidi ya tani 20,000 za katani.

Inafaa tusimame hapa kidogo, maana tabia za mmea huu ndizo zilizoipa Tanga sura yake, kuanzia ukubwa wa mashamba hadi majina ya watu waliozikwa humo. Mkonge huvumilia ukame. Jani lake nene lina nta inayozuia maji yasipotee, na mizizi yake haina makuu. Hukaa miaka miwili au mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, kisha hukatwa mwaka hadi mwaka mpaka utoe mlingoti wa maua, ndipo hufa. Mpaka hapo utadhani ni zao la mkulima mdogo. Lakini katika kila kilo 100 za majani, katani ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki ni maji na makapi. Hakuna anayeweza kubeba kilo 100 kichwani umbali mrefu ili apate kilo 4. Tena jani likishakatwa halingoji, lazima lipite mashineni likiwa bado bichi. Kwa hiyo kiwanda lazima kiwe ndani ya shamba, shamba liwe na reli zake nyembamba za kusukumia mabehewa ya majani, na kiwanda kiwe karibu na mto, kwa sababu kusafisha nyuzi kunakunywa maji mengi ajabu. Mashine, reli, mto, na miaka mitatu ya kungoja bila senti inayoingia: hiyo ni kazi ya kampuni yenye benki nyuma yake. Wakubwa wangebadilika, Wajerumani wakafukuzwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza na mashamba yakanunuliwa na Waingereza, Wagiriki na Wahindi. Ukubwa wa shamba haukubadilika. Mmea haukuruhusu.

Ndiyo maana ukiitazama ramani ya mkonge utaona inafuata mambo matatu tu: reli, mto na bandari. Kutoka Tanga kupitia Muheza, Korogwe na Mombo kando ya mto Pangani. Kisha Morogoro na Kilosa, kando ya Reli ya Kati. Kisha Lindi, nyuma ya bandari yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mkataji aliingia shambani alfajiri kabla jua halijawa kali, na kisu kifupi mkononi. Alikata majani ya chini kuzunguka shina, akachonga ncha yenye mwiba unaoweza kutoboa jicho, akafunga mafungu ya majani thelathini thelathini na kuyapanga kando ya njia ya reli. Utomvu wa mkonge huwasha ngozi mpaka ikatoka malengelenge. Kazi ikiisha alipigiwa alama kwenye kipande chake, na kipande kilikuwa na nafasi za siku 30 za kazi. Aliyeugua siku kumi hakulipwa kumi hizo, na mwezi wake ukawa siku arobaini. Kule kiwandani, kwenye mashine iliyoitwa korona, majani yaliingia upande mmoja yakisagwa kwa kelele, upande wa pili zikatoka nyuzi za kijani zinazonuka, zikaoshwa na kuanikwa juu ya waya ekari baada ya ekari hadi zikawa nyeupe.

Wakataji hao hawakuwa Wabondei wala Wasambaa kwa wingi. Walioishi jirani na mashamba walikuwa na migomba, minazi na mihogo yao, na waliweza kuuza chakula kwa hao hao wenye mashamba badala ya kuwauzia jasho. Wakataji walitoka mbali. Walikuwa Waha wa Kigoma, Wangoni wa Songea, Wabena, Wanyaturu, Wamakonde wa Msumbiji, na watu wa Ruanda-Urundi. Hao ndio manamba. Nitarudi kwao, kwa sababu kisa chao ndicho kipimo cha kila kinachosemwa kuhusu hali ya hewa na uchumi.

Kwanza tuifuate reli hadi mwisho wake. Ilifika Moshi mwaka 1911, na huko ilikuta dunia nyingine. Kilimanjaro ni mlima wa volkano, udongo wake una madini ambayo Usambara Mashariki iliyapoteza zamani. Miteremko ya kusini hupokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi na kupata mvua nyingi, na pale mvua ilipopungua Wachaga walikwisha kuchimba mifongo, mifereji inayotoa maji kwenye makorongo na kuyatembeza kando ya mlima hadi kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha kila ukoo. Mfongo si shimo la kuchimbwa siku moja. Una wazee wake, una zamu za maji, una siku za watu wote kutoka na majembe kuondoa tope. Koloni lilipofika, mfumo huo ulikuwa kazini tayari.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walileta mibuni Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na Wachaga wakaichomeka chini ya migomba. Tofauti na mkonge ni kubwa. Kahawa mtu huichuma kwa mikono na watoto wake, huimenya kwa mashine ndogo, huianika uani, na gunia lake lina thamani ya kustahili kubebwa. Haihitaji kampuni. Mgomba unaipa kivuli, samadi ya ng'ombe wa zizini inaipa chakula, na familia inaendelea kula ndizi zake hata bei ikianguka London. Walowezi wa Moshi waliliona hilo mapema na halikuwapendeza. Walilalamika kwamba mibuni ya Waafrika italeta magonjwa, kwamba kahawa itaibiwa. Hoja yenyewe waliinong'ona: mtu mwenye kahawa yake hakubali kwenda kuchuma ya mwingine. Katika Kenya walowezi walishinda, na kwa miaka mingi Waafrika walizuiwa kulima arabika. Kilimanjaro walishindwa, kwa sehemu kwa sababu ofisa Charles Dundas aliunga mkono wakulima, na zaidi kwa sababu wakulima walijipanga. Chama chao cha kwanza kiliundwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro.

Bukoba ilikuwa na kisa kinachofanana. Wahaya walikuwa na buni yao ya robusta tangu kabla ya koloni, ikitafunwa na kutolewa kwa wageni kwa heshima. Mvua ya ziwa ni nyingi, migomba ipo. Lakini angalia njia ya mzigo: hakuna reli iliyounganisha Bukoba na Dar es Salaam. Kahawa iliwekwa kwenye meli, ikavuka ziwa hadi Kisumu, ikapanda reli ya Uganda kwenda Mombasa. Mkoa wa Tanganyika ukawa unafanya biashara yake kupitia mlango wa Kenya, kwa sababu maji yalikuwa rahisi kuliko nchi kavu.

Kusini, serikali haikungoja ardhi iseme. Mwaka 1902 ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya za pwani na kusini, Rufiji na Umatumbi zikiwamo. Kila mwanamume mzima alidaiwa siku zake za kazi huko. Pamba humea Rufiji, hilo si la kubishania. Tabu ilikuwa kalenda. Mvua inayomtaka mkulima apande pamba ndiyo inayomtaka apande mtama na mpunga, na magugu hayapishani zamu. Shamba la familia lililoachwa bila mlinzi usiku lilikuwa la nguruwe mwitu. Malipo yalikuwa ya aibu. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, Wamatumbi waling'oa mashina ya pamba, na vita vya Majimaji vikaanza. Jeshi lilijibu kwa kuchoma ghala na mashamba. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata, yanaanzia 75,000 na kwenda hadi 300,000.

Pamba hiyo hiyo ilistawi Usukuma baadaye. Huko familia ililima shamba lake yenyewe, kiangazi kilikuja kwa wakati wa kuchuma, reli ilikuwa imefika Mwanza tangu 1928, na vyama vya ushirika vilisimamia mizani. Wanaosema Majimaji ilisababishwa na hali ya hewa isiyofaa wanakosea sawa na wanaoiacha kabisa kalenda ya mvua. Mvua iliweka masharti, na mtawala akaamua kuyapuuza.

Kupuuza kukubwa kuliko kote kulikuja na Waingereza, na tena wakati walipokuwa na wanasayansi, ndege na trekta. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine. Kundi la wataalamu wakiongozwa na John Wakefield lilizunguka kwa muda wa wiki tisa, sehemu kubwa wakiitazama nchi kutoka angani, na mpango ukaandikwa: zaidi ya ekari milioni 3, pauni milioni 25, vituo vikuu Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa ndiyo ilianza, mwaka 1947, kwa sababu ilikuwa karibu na Reli ya Kati na ilionekana tupu.

Ilionekana tupu. Wagogo walilisha ng'ombe humo na kulima uwele na mtama, mazao yanayostahimili mvua inayochelewa, na walihamahama kwa sababu mvua ya Ugogo hunyesha kijiji hiki ikaruka kile. Uchache wao ulikuwa ni taarifa ya hali ya hewa iliyokusanywa kwa vizazi. Wapangaji waliisoma kama nafasi iliyo wazi.

Vichaka vilivunja trekta, hata zile zilizotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mibuyu haikung'oka. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kufyeka ekari 150,000. Hazikufika hata 10,000. Kisha udongo ukaonyesha tabia yake. Una chembe za mchanga mkali zinazokula jembe la chuma, na mfinyanzi ambao mvua ikikatika hukauka ukawa mgumu kama sakafu ya saruji. Sasa karanga, tofauti na mtama, huzaa chini ya ardhi. Mtu hawezi kuivuna bila udongo kulegea. Walipanda zao linalojifukia katika ardhi inayojifunga. Mwaka 1949 ukame ukamaliza hata alizeti waliyokimbilia. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango, zikiwa zimetumika takriban pauni milioni 36. Kusini ilibakiwa na bandari ya Mtwara, iliyofunguliwa mwaka 1954, na reli ya Nachingwea iliyong'olewa miaka michache baadaye. Kongwa iligeuzwa ranchi ya ng'ombe. Ungemwuliza Mgogo yeyote mwaka 1946, angekuambia ni nchi ya ng'ombe, na asingedai pauni hata moja.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani nasema kwamba ardhi huamua kila kitu: mlima wa volkano ukatoa wakulima wenye ushirika, tambarare kavu ikatoa mashamba makubwa, na nchi zisizokuwa na kitu zikatoa manamba. Maelezo ya namna hiyo yalipendwa sana na watawala. Ripoti zao zilizitaja Kigoma na Songea kana kwamba zao lao la asili lilikuwa wanaume.

Tuyapime. Songea hupata wastani wa zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, Kigoma kiasi kinachokaribiana na hicho. Mashamba mengi ya mkonge ya upande mkavu wa Mombo na Upare hayafikii hapo. Mngoni aliyetembea majuma kadhaa kwenda kukata mkonge alikuwa akitoka penye mvua kwenda penye ukame. Kilichokosekana kwao ni njia. Kutoka Songea hadi bandari yoyote hapakuwa na reli, na nchi ya katikati ilijaa mbung'o, hivyo hata mkokoteni wa maksai haukufaa. Theluthi mbili hivi za Tanganyika zilikuwa na mbung'o. Kigoma ilipata Reli ya Kati mwaka 1914, lakini nauli ya gunia la mahindi kwa zaidi ya kilomita 1,200 ilimeza bei ya mahindi yenyewe. Kitu pekee ambacho kilijisafirisha kwa miguu yake kilikuwa binadamu, na kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha taslimu.

Halafu likaja la makusudi. Wenye mkonge walihitaji watu, na maofisa hawakuona haraka ya kupeleka mazao ya biashara kwenye wilaya zilizokuwa zikitoa watu. Japani ilipoziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, Uingereza na washirika wake wakabaki na katani ya Afrika Mashariki kwa kamba za meli zao, na wanaume wakakamatwa kwa amri kwenda mashambani. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, yenye malori na kambi za njiani. Huko walikotoka, mashamba ya Uha yaliyoachiwa wanawake na wazee yalirudiwa na vichaka, vichaka vikarudiwa na mbung'o, na tayari miaka ya 1930 serikali ilikuwa ikihamisha vijiji kwa sababu ya malale. Ofisa aliyefika baadaye aliikuta nchi yenye mbung'o na watu wachache, akaandika kwamba haifai kwa kilimo. Aliamini anaeleza maumbile.

Ushahidi wa mwisho ulikuja baada ya bendera kubadilika. Bei ya katani iliangushwa na nyuzi za plastiki kuanzia katikati ya miaka ya 1960, na mashamba mengi ya Tanga yakarudi kuwa vichaka. Miaka ya 1970 serikali ya Tanzania ilianza kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima, mkulima wa mbali na wa karibu wakalipwa sawa. Mbolea ikapelekwa kusini, na miaka ya 1980 barabara ya lami ya Makambako hadi Songea ikakamilika. Mvua haikuongezeka hata tone. Ruvuma, mkoa ambamo Songea imo, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa, ikawa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi nchini, na mpaka leo ghala la taifa la akiba ya chakula hununua sehemu kubwa ya mahindi yake huko huko kwa wajukuu wa manamba.